Protini ya Ras na Ishara za Ndani ya Seli: Mfereji Usiojifunga

IKISIRI

Makala haya yanaichunguza Ras, protini ndogo ya mwili wa binadamu ambayo kazi yake ni kupokea ishara kwenye utando wa seli na kuipitisha ndani ili seli ikue au igawanyike. Yanaonyesha kwamba maradhi yanayohusishwa na protini hii, hususan saratani, hayaletwi na kuwaka kwake, kwani kuwaka ni wajibu wake, bali huletwa na kushindwa kwake kuzimika. Hitilafu hiyo mara nyingi hutokana na badiliko la herufi moja tu ya jeni. Aidha, makala yanaeleza ni kwa nini protini iliyokwisha kufahamika tangu miaka ya 1980 ilisubiri hadi 2021 kupata dawa ya kuikabili moja kwa moja. Hatimaye yanajadili sitiari na istilahi zinazofaa kutumiwa katika kuieleza Ras kwa Kiswahili, na kudai kwamba sitiari sahihi ni sehemu ya maarifa yenyewe, si pambo lake.

1.0 Utangulizi

Imekuwa desturi katika makongamano ya wanafunzi wa Kiswahili kusemwa kwamba lugha hii inao uwezo wa kubeba maarifa ya nyanja zote. Kauli hiyo hushangiliwa, kisha wajumbe hutawanyika. Hata hivyo, kauli isiyotiwa kwenye mizani haiwezi kujulikana uzito wake. Njia mojawapo ya kuipima ni kuteua jambo moja la kisayansi lililo gumu, kulieleza kwa Kiswahili hatua kwa hatua bila kukimbilia Kiingereza, kisha kutazama ni wapi lugha imesimama imara na ni wapi imeyumba.

Jambo lililoteuliwa hapa ni protini iitwayo Ras. Sababu za uteuzi huo ni tatu. Kwanza, Ras ni miongoni mwa protini zilizochunguzwa sana katika elimu ya seli, na utendaji wake unajulikana kwa undani. Pili, jeni zake ni kati ya zile zinazopatikana zikiwa zimebadilika mara nyingi zaidi katika saratani za binadamu. Tatu, matokeo ya kipimo cha jeni hizi sasa huandikwa katika karatasi za wagonjwa na kuamua dawa atakayopewa mtu. Kwa hivyo, swali la namna ya kuieleza Ras kwa Kiswahili si la wanaisimu peke yao. Linamhusu mgonjwa anayetakiwa kuridhia matibabu ambayo msingi wake hajaelezwa kwa lugha anayoifahamu.

2.0 Dhana ya Ishara Katika Seli

Wahenga walisema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Anayeyaona mawingu huanua nguo kabla ya tone la kwanza kudondoka. Seli nayo huishi kwa kusoma dalili. Mwili wa binadamu una matrilioni ya seli, na hakuna hata moja inayoruhusiwa kukua au kugawanyika kwa utashi wake. Kila moja husubiri kuagizwa. Mtu anapojikata kidole, kwa mfano, seli zilizo kando ya jeraha hupokea viamshi vya ukuaji, yaani protini ndogondogo zinazotolewa na seli nyingine. Viamshi hivyo huziarifu kwamba kuna pengo linalopaswa kuzibwa. Pengo likishazibwa, agizo hukoma na seli hutulia.

Tatizo ni kwamba viamshi vingi vya aina hii haviwezi kupenya na kuingia ndani ya seli. Seli imezungukwa na utando wa mafuta, na utando huo ni kama ukuta wa ua. Mgeni hubisha hodi nje na habari ikatangulia kufika ndani kabla yake. Kwenye ukuta huo kuna protini ziitwazo vipokezi, ambazo kichwa chake kiko nje na mkia wake uko ndani. Kiamshi kikishikana na kichwa cha kipokezi, mkia hubadilika umbo. Badiliko hilo la umbo ndilo ishara. Kuanzia hapo, habari haisafiri tena kwa kitu kilekile kilicholeta ujumbe, bali hupokezanwa na protini moja hadi nyingine, mithili ya kijiti katika mbio za kupokezana, mpaka ifike kwenye kiini cha seli ambamo jeni zimehifadhiwa. Ras husimama karibu na mwanzo wa mbio hizo, kwenye upande wa ndani wa utando.

3.0 Ras na Asili ya Jina Lake

Kwa msomaji wa Kiswahili, jina Ras hukumbusha neno rasi, yaani nchi kavu iliyochomoza baharini. Ufanano huo ni wa kisadfa tu. Jina hili lilitokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya sarkoma ya panya, sarkoma ikiwa ni saratani ya tishu kama vile misuli, mafuta na mifupa. Mnamo 1964, Jennifer Harvey aliripoti kwamba virusi vya lukemia vilivyopitishwa katika panya vilisababisha uvimbe wa sarkoma katika wanyama wachanga waliodungwa. Mnamo 1967, Werner Kirsten pamoja na mwenzake waliripoti virusi vingine vyenye athari ya namna hiyo. Baadaye, Edward Scolnick na wenzake katika Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walionyesha kwamba virusi hivyo vilibeba jeni ambayo asili yake haikuwa ya virusi. Jeni hiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa mnyama mwenyewe.

Matokeo hayo yalibadilisha mwelekeo wa fikra. Kilichodhaniwa kuwa silaha ya adui kilibainika kuwa chombo cha mwenye nyumba kilichoibwa na kuharibiwa. Binadamu naye anazo jeni tatu za jamii hii: HRAS, iliyopewa herufi ya kwanza ya jina la Harvey, KRAS, iliyopewa herufi ya Kirsten, na NRAS, iliyotambuliwa katika saratani ya seli changa za neva. Jeni hizo tatu hutoa protini nne zinazokaribiana sana, kwa kuwa KRAS hutoa protini za namna mbili. Kila moja ni mnyororo wa asidi amino 188 au 189. Kwa kipimo cha protini, huo ni mnyororo mfupi.

Isidhaniwe kwamba mwili ungekuwa salama zaidi kama Ras isingekuwapo. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1997 yalionyesha kwamba vijusi vya panya vilivyoondolewa jeni ya KRAS hufa kabla ya kuzaliwa. Ras ni mtumishi wa lazima. Swali ni nini humfanya mtumishi huyo aharibike.

4.0 Utendaji wa Ras

4.1 Kuwashwa

Ras huwa katika mojawapo ya hali mbili, na hali hizo hutofautishwa na molekuli ndogo iliyoshikwa kifuani mwake. Ikishika guanosini difosfeti, yaani GDP, huwa imezimika. Ikishika guanosini trifosfeti, yaani GTP, huwa imewaka. Tofauti baina ya molekuli hizo mbili ni kikundi kimoja tu cha fosfeti: GDP ina viwili, GTP ina vitatu. Fosfeti hiyo ya tatu huvuta sehemu mbili za Ras na kuzikaza. Umbo jipya linalotokea ndilo linaloiwezesha Ras kushikana na protini inayofuata katika mbio.

Ras haiachi GDP kwa urahisi. Inahitaji msaidizi wa kuifungua. Mmoja wa wasaidizi hao huitwa SOS. Jina hilo nalo lina kisa chake: lilitokana na uchunguzi wa jicho la nzi wa matunda. Nzi aliyekosa jeni fulani hukosa seli ya saba ya kupokea mwanga katika kila kijicho, na jeni hiyo ikaitwa kwa jina lenye maana ya "asiye na ya saba". Jeni nyingine iliyogunduliwa ikifanya kazi chini yake ikaitwa "mwana wa asiye na ya saba", na herufi za kwanza za jina hilo katika Kiingereza zikawa SOS. Kipokezi kinapopata kiamshi, protini ya kuunganisha iitwayo Grb2 humvuta SOS hadi kwenye utando. SOS huifungua Ras, GDP huanguka, na kwa kuwa ndani ya seli GTP ni nyingi kuliko GDP, nafasi iliyoachwa hujazwa na GTP. Ras imewaka.

4.2 Kupitisha Ishara

Ras iliyowaka humshika Raf na kumvuta kwenye utando. Raf ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachopachika fosfeti kwenye protini nyingine. Raf humpachika MEK, MEK humpachika ERK, na ERK huingia katika kiini cha seli na kuziamsha protini zinazosimamia usomaji wa jeni. Kwa namna hiyo, kiamshi kilichobisha hodi nje ya ukuta huishia kubadilisha yale yanayosomwa ndani ya kiini, ijapokuwa chenyewe hakikuvuka kizingiti.

4.3 Kuzimika

Sehemu hii ndiyo kiini cha mjadala mzima. Swichi ya taa nyumbani hubaki ilivyoachwa: ikiwashwa jioni na kusahaulika, asubuhi hukutwa bado imewaka. Ras si swichi ya namna hiyo. Imeumbwa kujizima yenyewe, kwa kuikata fosfeti ya tatu ya GTP na kuigeuza GDP. Ikiachwa peke yake, kazi hiyo huifanya polepole mno. Kwa sababu hiyo, seli ina protini nyingine zinazoihimiza, zijulikanazo kwa ufupisho wa GAP. Protini hizi huingiza kidole kimoja cha asidi amino aina ya ajinini katika kifua cha Ras na kuuharakisha ukataji huo takriban mara 100,000.

Umuhimu wa himizo hilo hudhihirika pale linapokosekana. Mojawapo ya protini za GAP ni nyurofibromini. Mtu aliyezaliwa na hitilafu katika jeni yake, ambayo ilitambuliwa mwaka 1990, hupatwa na ugonjwa wa nyurofibromatosisi aina ya kwanza, unaokadiriwa kumpata mtoto mmoja katika kila watoto 3,000 hivi wanaozaliwa. Dalili zake ni pamoja na mabaka ya ngozi yenye rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa na vinundu vinavyoota kwenye neva. Katika ugonjwa huo, Ras yenyewe haina kasoro. Aliyekosekana ni yule wa kuihimiza izimike.

5.0 Herufi Moja

Wanafunzi wa fonolojia wanazifahamu jozi za mlinganuo finyu: maneno kama pata na bata, ambayo hutofautiana kwa sauti moja tu, na sauti hiyo moja ikatosha kuzalisha maana mpya. Historia ya Ras ina jozi ya namna hiyo.

Mapema katika miaka ya 1980, watafiti walikuwa wamefaulu kuchukua DNA ya seli za saratani ya kibofu cha mkojo cha binadamu, kuitia katika seli za panya zisizo na saratani, na kuona seli hizo zikianza kukua bila mpaka. Jeni iliyohusika ilitambuliwa kuwa HRAS. Kitendawili kilikuwa hiki: mtu mwenye afya naye anayo HRAS. Ya mgonjwa ina tofauti gani? Mnamo 1982, maabara za Robert Weinberg, Mariano Barbacid na Michael Wigler nchini Marekani zilifikia jibu moja. Jeni hizo mbili zilipolinganishwa, badiliko lililoleta athari lilikuwa la herufi moja. Katika nafasi ya kumi na mbili ya protini, agizo la GGC lilikuwa limegeuka GTC. Hapo palipostahili kuwa na asidi amino iitwayo glisini pakawekwa valini.

Kwa nini nafasi hiyo iwe na uzito wote huo? Glisini ni ndogo kuliko asidi amino zote. Udogo wake huacha upenyo, na upenyo huo ndio ambamo kidole cha GAP hupita ili kuikata fosfeti. Karibu asidi amino yoyote nyingine ikiwekwa mahali pale huziba upenyo. GAP hufika, hugonga, hukosa pa kuingilia. Ras iliyowaka hubaki imewaka, na seli huendelea kuagizwa igawanyike ilhali hakuna aliyebisha hodi.

Katika KRAS, ambayo ndiyo inayobadilika mara nyingi zaidi kati ya jeni tatu, agizo sahihi la nafasi ya kumi na mbili ni GGT. Herufi ya pili ikigeuka A, huwa GAT, nayo huleta asidi aspatiki; badiliko hilo huitwa G12D. Ikigeuka T, huwa GTT, na valini huingia. Hili huitwa G12V. Herufi ya kwanza ikigeuka T, huwa TGT, na sisteini huingia. Hili huitwa G12C. Hilo la mwisho huhusishwa sana na moshi wa sigara, ambao kemikali zake hupendelea kuigeuza G kuwa T. Kwa hivyo, jina la badiliko husomeka kama sentensi fupi: glisini ya nafasi ya 12 imeondoka, nafasi yake imetwaliwa na fulani.

Uzito wa mabadiliko haya huonekana wodini. Takriban asilimia 90 ya saratani za kongosho huwa na KRAS iliyobadilika, na katika saratani za utumbo mpana ni takriban asilimia 40. Ni kweli kwamba herufi moja peke yake aghalabu haitoshi kuzaa saratani kamili, kwa kuwa seli ina walinzi wengine ambao nao sharti waangushwe. Hata hivyo, mara nyingi herufi hiyo huwa miongoni mwa hatua za mwanzo. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walisema jambo ambalo elimu ya seli imekuja kulithibitisha kwa njia yake.

6.0 Safari ya Kutafuta Dawa

Maadamu kosa lilijulikana tangu 1982, ingetarajiwa kwamba dawa ingepatikana upesi. Haikuwa hivyo. Dawa nyingi za aina hii hufanya kazi kwa kuingia katika shimo la protini na kuliziba. Ras ilikuwa na shimo moja dhahiri, lile la GTP, lakini Ras huishika GTP kwa nguvu mno, na GTP imejaa tele ndani ya seli. Dawa yoyote ingelazimika kugombania nafasi na umati usiohesabika. Sehemu nyingine za protini hiyo zilionekana laini kama yai, pasipo pa kushika.

Jaribio la kwanza kubwa lilipitia njia ya mzunguko. Ras hukaa kwenye utando kwa sababu ina mkia wa mafuta unaopachikwa na kimeng'enya maalumu. Ilidhaniwa kwamba kimeng'enya hicho kikizuiwa, Ras ingeelea ovyo na kukosa kazi. Dawa za kukizuia zilitengenezwa, lakini KRAS na NRAS zilipata njia ya pili: kimeng'enya kingine kilizipachika mkia wa aina nyingine, na kazi ikaendelea. Ras ikapewa sifa ya kuwa protini isiyoweza kutibika.

Njia nyingine ilikuwa kuzuia ishara huko juu, kwenye kipokezi. Dawa ya setuksimabu hukizuia kipokezi kimojawapo cha viamshi vya ukuaji, na iliwasaidia baadhi ya wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana huku wengine wasipate nafuu yoyote. Mnamo 2008, ilichapishwa kwamba waliokosa nafuu walikuwa pamoja na wale wenye KRAS iliyobadilika. Sababu yake ni bayana kwa aliyefuata maelezo ya awali: kumzuia abishaye hodi hakusaidii kitu ikiwa aliye ndani ameshaanza kupiga kelele bila kuitwa. Tangu hapo, kupima KRAS kabla ya kutoa dawa hiyo kukawa sehemu ya utaratibu wa tiba.

Mlango wa Ras yenyewe ulifunguliwa mwaka 2013, pale maabara ya Kevan Shokat katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilipochapisha matokeo kuhusu badiliko la G12C. Sisteini iliyoingia pale kimakosa ina salfa yenye tabia ya kuungana na kemikali fulani kwa kifungo kisichofunguka. Watafiti waliitumia kasoro hiyohiyo kuwa ndoana. Molekuli walizozitengeneza ziliinasa sisteini na kujipenyeza katika mfuko mdogo ambao haukuwa umeonekana awali. Zaidi ya hayo, ziliishika Ras ikiwa katika hali ya GDP, yaani imezimika, na kuizuia isiwake tena. Hilo liliwezekana kwa sababu Ras ya G12C haijapoteza kabisa uwezo wa kujizima. Huzimika mara mojamoja, na dawa huivizia katika dakika hiyo.

Mnamo Mei 2021, dawa ya kwanza ya aina hiyo, sotorasibu, iliidhinishwa nchini Marekani kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu wenye badiliko la G12C waliokwisha kupata tiba nyingine. Dawa ya pili, adagrasibu, iliidhinishwa Desemba 2022. Katika jaribio lililowezesha idhini ya sotorasibu, uvimbe ulipungua kwa zaidi ya theluthi moja ya wagonjwa. Hata hivyo, haifai kutia chumvi. Ilipolinganishwa na dawa ya kawaida ya kemikali katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023, sotorasibu iliuzuia ugonjwa kwa muda mrefu kidogo zaidi, lakini haikuonyesha kurefusha maisha kuliko dawa hiyo. Seli za saratani hutafuta njia za kando, na baada ya muda nyingi huzipata. Vilevile, mwenye G12D, badiliko linaloongoza katika saratani ya kongosho, hana sisteini ya kunaswa, hivyo dawa hizo mbili hazimfai. Herufi iliyogeuka ndiyo inayoamua.

7.0 Sitiari na Istilahi

7.1 Sitiari

Neno saratani lenyewe ni sitiari. Katika Kiarabu, asili yake ni jina la kaa, kiumbe mwenye magando. Picha hiyo huonyesha ugonjwa unavyong'ang'ania, lakini haielezi unavyoanza. Katika mazungumzo ya kila siku, picha nyingine imezoeleka: mdudu anayekula mwili. Picha hii inapotosha kwa njia mbili. Huufanya ugonjwa uonekane umetoka nje, na huzua hofu ya kuambukizana. Matokeo yake, mgonjwa hutengwa kwa kosa ambalo si lake.

Neno swichi, ambalo hutumiwa sana kuieleza Ras, lina nafuu. Lakini, kama ilivyodokezwa katika 4.3, swichi ya ukutani haijizimi. Kuna kifaa kingine kinachofanana na Ras zaidi: mfereji wa kubonyeza, ule unaowekwa katika vyoo vya vyuo na vya stendi za magari. Mtu huubonyeza, maji hutiririka kwa muda, kisha springi iliyo ndani huufunga pasipo mkono wa mtu. Anayebonyeza ni SOS. Maji ni ishara. Springi ni uwezo wa Ras kuikata fosfeti kwa himizo la GAP. Badiliko la nafasi ya kumi na mbili ni springi iliyokwama: maji hutoka hata pale asipokuwapo wa kubonyeza. Setuksimabu humzuia mtu asiufikie mfereji, jambo lisilo na faida ikiwa springi imekwama. Sotorasibu huubana mfereji katika dakika chache unapojifunga, usifunguke tena.

Sitiari hii hupimwa vyema zaidi katika mazungumzo. Chukulia mfano wa kubuni wa mama mzee mwenye saratani ya utumbo mpana anayesomewa matokeo yake:

Mgonjwa: Daktari, karatasi hii inasema nina KRAS. Huyo ni mdudu gani?
Daktari: Si mdudu, mama. Ni kitu cha mwili wako. Kila mtu anacho, hata mimi ninacho.
Mgonjwa: Sasa mbona changu kikawa ugonjwa?
Daktari: Umewahi kuona mifereji ile ya kubonyeza, inayojifunga yenyewe? Mwilini kuna mifereji kama hiyo inayoziambia seli zikue. Mmoja wako umeharibika springi. Haufungiki, kwa hivyo seli zinaambiwa zikue mchana na usiku.
Mgonjwa: Na wajukuu wangu, nimewaambukiza?
Daktari: La, mama. Hauambukizi. Tena kuharibika kwa namna hii kwa kawaida hutokea ndani ya seli moja mtu akiwa mkubwa. Hukuzaliwa nako, na hukuwarithisha wanao.
Mgonjwa: Jirani yangu alipewa dawa ya kuzuia huko kukua. Mbona mimi nanyimwa?
Daktari: Hunyimwi. Dawa ile humzuia anayebonyeza mfereji. Wako hautaki tena kubonyezwa, kwa hivyo ungepata madhara yake bila faida. Tutatumia njia nyingine.

Katika mazungumzo haya hakuna neno lililo nje ya uwezo wa mzungumzaji wa kawaida, wala hakuna ukweli wa kimsingi uliopotoshwa. Mgonjwa ameondolewa hofu mbili na shaka moja.

7.2 Istilahi

Istilahi zilizotumika katika makala haya zimepatikana kwa njia tatu zinazofahamika. Baadhi zimetoholewa: protini, jeni, fosfeti, glisini. Baadhi zimepanuliwa maana: utando, kiini, ishara. Nyingine zimenyambuliwa kutokana na vitenzi: kipokezi kutokana na pokea, kimeng'enya kutokana na meng'enya.

Mfano huo wa mwisho unastahili kuangaliwa. Kitenzi meng'enya huhusu usagaji wa chakula tumboni, na neno kimeng'enya lilifaa sana kwa vimeng'enya vya mate na tumbo. Lakini Raf ni kimeng'enya kisichomeng'enya chochote, hupachika. Hii haina maana kwamba neno litupwe, kwani limeshakita mizizi. Ina maana kwamba mwalimu analazimika kusema wazi kuwa maana imepanuka, la sivyo mwanafunzi atadhani Raf huila MEK. Kwa upande mwingine, neno kipokezi limesimama vizuri kwa sababu umbo lake hueleza kazi yake bila kuhitaji ufafanuzi. Kuhusu majina kama Ras, Raf na SOS, inafaa yaachwe yalivyo. Hayo ni majina ya pekee, na mgonjwa atayakuta yameandikwa vivyo hivyo katika karatasi yake.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Ras ni mpokezi wa kijiti aliyeumbwa kuwaka kwa muda na kujizima, na kwamba hatari yake huanzia pale anaposhindwa kuzimika. Badiliko la herufi moja hutosha kuizuia GAP isifanye kazi, na herufi hiyohiyo ndiyo huamua ni dawa ipi itakayofaa.

Nchini Kenya, katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inamtaka mhudumu wa afya, pale inapowezekana, amweleze mgonjwa kwa lugha anayoielewa na kwa kuzingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Sheria imeshatungwa, maneno ya kuitekeleza ndiyo yanayohitaji wa kuyatunga. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na daktari peke yake, kwani hakufunzwa sitiari, wala haiwezi kufanywa na mwanaisimu peke yake, kwani hajui springi iko wapi. Mwanafunzi wa Kiswahili anayetafuta mada ya tasnifu angeweza kuanzia hapo: achukue karatasi moja ya matokeo ya maabara, aketi na mwenzake wa kitivo cha tiba, na waandike pamoja maelezo ambayo mama mzee ataweza kuwasimulia wajukuu wake afikapo nyumbani.